Wacheni Kukimbilia Levo: Vile Kampeni Ya D&D Inaweza Kuishi Mwaka Mzima Hapa Isli

Mnaanza watu sita. Kila mtu ametengeneza mhusika wake, kuna mmoja ameandika historia ya kurasa tatu, shaah iko kwa meza na sambusa zimeisha kabla dadu la kwanza lirushwe. Miezi minne baadaye mmebaki watatu. Hao watatu wako na nguvu mob hadi anayesimamia gemu hajui tena awaletee adui gani. Grupu ya WhatsApp imenyamaza. Kampeni imekufa na hakuna mtu alitangaza matanga.

Wengi hulaumu kazi, ama masomo, ama ule msee mmoja wa "niko kwa njia" na bado anaoga. Sawa, hao wana makosa yao. Lakini kuna kitu kingine chenye watu hawakicheki, na ni spidi yenye wahusika wanapanda levo. Ukiwapandisha haraka sana, gemu inavunjika. Ukiwaweka hapo chini milele, wanaboeka. Na ukipandisha wengine ukiacha wengine nyuma, umeleta matabaka kwa meza yenye ilifaa kuwa ya marafiki.

Leo tunavunja hii maneno moja moja.

Kwanza, levo ni nini?

Kama wewe ni mgeni kwa hii mambo, Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka wa 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Msee mmoja anakuwa msimamizi, yaani Dungeon Master. Yeye ndiye anasimulia dunia na kuchezesha maadui wote. Wengine kila mtu anashika mhusika mmoja: mpiganaji, mchawi, mwizi, kasisi. Unasema unataka kufanya nini, unarusha dadu la pande 20, dadu linaamua kama imeingia ama imekula kwako.

Mhusika anaanza levo ya 1 na kilele ni levo ya 20. Kila levo inakuongezea pointi za uhai, na mara nyingi uwezo mpya ama uchawi mpya. Stori ikiendelea kikao baada ya kikao, mkianzia penye mliachia, hiyo ndiyo inaitwa kampeni.

Hii si kama gemu ya simu, yenye unakesha peke yako saa nane usiku ukikusanya pointi. Hapa levo yako inategemea watu wengine kutoka kwao, kupanda matatu na kuketi na wewe masaa matatu. Kumbuka hiyo pointi, tutairudia.

Na si ati inahitaji doh nyingi. Sheria za msingi za toleo la tano, lenye lilitoka 2014, ziliwekwa huru chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023. PDF unaipata bila kulipa, na programu za kurusha dadu ziko kwa simu. Kwa hivyo mtaani kikwazo si ganji. Kikwazo ni muda.

Hesabu ya kwa kitabu

Njia ya kwanza ya kupanda levo ni pointi za uzoefu, XP. Kwa toleo la 2014, ukishinda maadui unapewa XP na mnagawana. Ukifikisha 300 uko levo ya 2. 900, levo ya 3. 2,700, levo ya 4. 6,500, levo ya 5. Kufika levo ya 10 unahitaji 64,000, na levo ya 20 ni 355,000.

Cheki hizo namba vizuri. Levo za kwanza zinakuja mbio juu waliotengeneza gemu hawakutaka ukwame hapo. Mchawi wa levo ya 1 ni mtu wa kuhurumia. Goblini mmoja akimpata vizuri na kisu, amelala chini, na bado hamjamaliza soda ya kwanza. Hizo levo ni za kujifunza kutembea.

Halafu kuna kitu watu wengi hawajanotisi. Kutoka levo ya 10 hadi 11 unahitaji XP 21,000. Lakini kutoka 11 hadi 12 ni 15,000 pekee. Yaani jedwali lenyewe linakushikilia hapo katikati, halafu ukivuka linakuachilia. Ujumbe ni wazi: kaeni kati ya levo ya 5 na 10, hapo ndipo kuna utamu. Wahusika wana nguvu ya kutosha kufanya mambo ya maana, lakini bado wanaogopa kufa.

Pia jua kwamba XP inafundisha tabia. Kwa matoleo ya kitambo, kila sarafu ya dhahabu wenye mlitoka nayo salama kwa shimo ilikuwa pointi moja. Matokeo yake ni kwamba wachezaji walikuwa wanaepuka vita, wananyemelea, wanaongea, wanahonga walinzi, bora mzigo utoke. Hiyo ya kibiashara ingeshika Isli vibaya sana. Kinyume chake, ukilipa watu kwa kuua pekee, wataua kila kitu mpaka mwenye kuwauzia chakula. Usishangae, wewe ndiye uliweka bei.

Levo ya 5 ndiyo geti

Levo si ngazi zenye hatua sawa. Kuna hatua ndogo na kuna geti.

Levo ya 5 ni geti. Mpiganaji anaanza kupiga mara mbili kwa zamu moja. Mchawi anapata Fireball, mpira wa moto wenye unarushiwa dadu 8 za pande sita, wastani wa madhara 28. Goblini ana uhai wa 7. Kwa hivyo lile kundi la goblini 12 lenye liliwatesa mwezi jana, leo ni majivu kwa zamu moja. Pia mchawi anaweza kuchagua kuruka. Ule ukuta wenye uliwachukua kikao kizima kuupanda? Umekuwa mapambo.

Levo ya 9 kuna geti lingine. Kasisi anaweza kufufua maiti kama hajakaa sana, mradi awe na almasi ya kutumia. Kuanzia hapo kifo ni bili, si mwisho. Levo ya 13 mchawi anaweza kuhamisha mbogi nzima kutoka mji mmoja hadi mwingine kwa sekunde. Safari ya jangwani yenye ulipanga vikao vitano, imeisha kabla chai ipoe. Na levo ya 17 kuna Wish, uchawi wa kuomba karibu chochote unachotaka.

Kwa hivyo msimamizi, kabla uwape levo ya 5, jiulize: kuna stori gani ya watu wadogo yenye bado sijaichezesha? Ya kujificha, ya kuogopa watu 10 wenye visu, ya kupotea njia. Ichezeshe sasa. Ukishafungua hilo geti, hakuna kurudi.

Mfano wa nyumbani ni Dhegdheer. Watoto wengi wa Kisomali wamelala wakiogopa huyo mama wa sikio refu, anasikia hatua zako kutoka mbali na anakula watu. Mlete wakiwa levo ya 3. Hawawezi kumpiga, lazima wakimbie, wanyamaze, wafunge viatu na vitambaa wasisikike. Kila mtu kwa meza ananong'ona hata kama hakuna aliyewaambia wanong'one. Mlete huyo huyo wakiwa levo ya 11 na wanamchoma kwa zamu mbili halafu wanauliza kama alikuwa na pesa. Dhegdheer ni yule yule, levo pekee ndiyo imebadilika, na hofu imepotea.

Njia tatu za kupandisha

Ya kwanza ni hiyo ya XP. Uzuri wake ni haki ya hesabu, kila mtu anaona namba zake. Ubaya wake ni uandishi mwingi, na watu kuwinda pointi badala ya kufuata stori.

Ya pili ni ya hatua. Msimamizi anaamua: mkimaliza hii sehemu ya stori, wote mnapanda. Hakuna kuhesabu maiti. Ubaya wake ni kwamba mkikwama kwa stori wiki nane, mmekwama kwa levo wiki nane. Wasee wanaanza kuuliza "buda, tunapanda lini?" kama abiria kwa namba 9 yenye imezima Pangani.

Ya tatu ni ya vikao, na hata kitabu cha msimamizi cha 2014 kinaitaja. Mapendekezo yake ni hivi: levo ya 2 baada ya kikao cha kwanza, levo ya 3 baada ya kikao kingine, levo ya 4 baada ya vikao viwili zaidi, halafu kila levo inayofuata vikao viwili ama vitatu.

Gemu zingine zina mbinu zao. Pathfinder ya 2009 ilikupa jedwali tatu uchague: ya polepole, ya kati na ya haraka. Toleo lake la pili la 2019 likarahisisha, kila levo ni XP 1,000, kwisha. Call of Cthulhu ya 1981 haina levo kabisa. Unaweka alama kwa ujuzi wenye ulitumia ukafaulu, halafu baadaye unarusha dadu kuona kama umeimarika.

Kwa mbogi ya mtaani, mimi niko na hiyo ya vikao ikichanganywa na ya hatua. Sababu iko kwa kalenda.

Kalenda ya Isli haidanganyi

Chukua karatasi. Tuseme mnakutana kila Jumapili ya pili. Kwa mwaka hiyo ni vikao 26. Poa sana kwa karatasi.

Sasa toa Ramadhani. Jioni ni futari na tarawehe, na zile siku za mwisho kabla ya Idd maduka ya Isli yanafunguliwa hadi usiku mnene. Kama nusu ya mbogi wanauza nguo ama wanabeba mizigo, usiwatarajie. Toa vikao viwili, na kimoja cha Idd. Toa Desemba, watu wameenda ocha. Toa siku ya mvua, juu mvua kubwa ikinyesha barabara za Isli zinageuka mto na hakuna mtu anaogelea kuja kurusha dadu. Toa wakati wa mitihani. Toa stima kupotea, mgonjwa hospitali, harusi ya binamu.

Ukiwa mkweli utabaki na vikao 18 hivi.

Sasa piga hesabu kwa ile njia ya kitabu. Vikao vinne vya kwanza vinawafikisha levo ya 4. Vimebaki 14. Kila levo ikichukua vikao viwili na nusu, mnaongeza levo tano. Mwaka umeisha mkiwa levo ya 9. Mkitaka levo ya 20 kwa mwendo huo huo, ni vikao 44, na kwa vikao 18 kila mwaka hiyo ni karibu miaka miwili na nusu. Ndani ya miaka miwili na nusu mmoja ameoa, mmoja amepata viza, mmoja amehamia Kayole na hataki kusikia mambo ya nauli.

Kwa hivyo msimamizi mwenye akili anahesabu kurudi nyuma. Anajiuliza kwanza: nina vikao vingapi vya ukweli? Halafu: stori yangu iishe levo gani? Kama jibu ni vikao 18 na levo ya 9, basi adui mkubwa wa mwisho awe wa levo ya 9. Usiwaahidi joka la kale lenye linahitaji levo ya 17 na unajua hamtafika. Stori fupi yenye imeisha ni tamu kuliko kubwa yenye ilikatikia njiani.

Na msee wa duka je?

Hapa ndipo mbogi nyingi zinaumia, na hapa si mambo ya dadu tena.

Kuna yule bado anasoma, wikendi iko huru, haukosi kumwona. Kuna yule anashinda kwa stoo huko Jam Street tangu asubuhi, bosi akisema kontena imefika leo, gemu yake imeisha kabla ianze. Huyo anakuja nusu ya vikao, na anakuja akiwa amechoka, lakini anakuja.

Ukimpandisha kila mtu kulingana na vikao vyake mwenyewe, cheki itakavyokuwa. Baada ya vikao 18 wa kwanza yuko levo ya 9. Wa pili amehudhuria 9, yuko levo ya 6. Adui wa kumsumbua wa levo ya 9 anamuua wa levo ya 6 kwa zamu moja. Adui wa kumfaa wa levo ya 6, mwenzake anamaliza peke yake. Kwa hivyo siku yenye amepata nafasi, anaketi hapo akitazama wengine wakicheza. Mara ya tatu hatakuja. Na hatasema ni sababu ya levo, atasema tu ako busy.

Kwa XP pengo ni dogo kidogo juu jedwali linapanda kwa kasi. Mwenye XP 14,000 yuko levo ya 6, na mwenye nusu yake, 7,000, yuko levo ya 5. Lakini hapo kwa geti bado inauma: mwenye 6,500 ana Fireball, mwenye 3,250 amekwama levo ya 4.

Dawa ni moja. Mbogi yote iwe levo moja, aliyekuja na aliyekosa. Duka lishamkata huyu jamaa wikendi yake. Usimkate pia mhusika wake.

Najua kuna mmoja atalia: "Lakini mimi nilikuja hata siku ya mvua!" Na ako na haki ya kutambuliwa. Mpe, lakini usimpe kwa levo. Mpe kwa stori. Yeye ndiye alikuwepo sultani akiokolewa, kwa hivyo sultani anajua jina lake. Yeye ndiye alichagua kwanza upanga wenye ulipatikana. Yeye ndiye ana deni la kudai kwa nahodha wa jahazi. Mwenye alikosa ana nguvu sawa, lakini akifika mjini hakuna mtu anamjua. Hiyo ni tofauti yenye inaleta stori, haileti chuki. Levo iwe ya wote, sifa iwe ya mtu.

Katikati ya levo, wape kitu

Vikao vitatu bila kupata chochote ni mrefu kwa mtu amelipa nauli. Lakini si lazima kila zawadi iwe levo.

Wape nyumba. Wape ngamia mwenye jina. Wape cheo, ama kibanda sokoni chenye kinaleta faida kidogo na matatizo mengi. Wape ramani, adui mpya, rafiki wa zamani. Gemu inaitwa 13th Age ina mbinu poa: kabla ufike levo inayofuata, unaruhusiwa kuchukua kipande chake kimoja mapema, labda uchawi mmoja ama uwezo mmoja. Hiyo unaweza kuibeba kwa meza yako bila kuomba ruhusa ya mtu.

Na kabla upandishe, cheki dalili tatu. Moja, je, wametumia uwezo wao wa mwisho kwa njia tofauti, ama bado hawajaujua? Mbili, je, kuna mlango wa stori umefungwa, kitu kimeisha kabisa? Tatu, je, vita vinaisha haraka hadi watu wanacheki simu? Ukipata mbili kati ya tatu, pandisha. Ukipata moja, ngoja kikao kimoja.

Mkifika juu, kumbuka kivuli

Tuseme mmebahatika, mbogi imekaa, mko levo ya 14. Kosa la kawaida hapa ni kuongeza ukubwa wa adui. Joka, halafu joka mbili, halafu joka lenye vichwa vitano. Inachosha.

Wazee wetu walishalitatua hili. Lwanda Magere wa Waluo mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki inaruka tu. Hawakumletea mkuki mkubwa zaidi. Alioa mwanamke wa upande wa adui, huyo mwanamke akagundua nguvu iko kwa kivuli, na kivuli ndicho kilichochomwa. Fumo Liyongo wa Pwani naye hakuna silaha ilimweza, mpaka siri ya sindano ya shaba kitovuni ikajulikana, na mtu wa kumchoma alikuwa mwanawe mwenyewe.

Hao ni wahusika wa levo ya 20. Na stori zao ni tamu juu hatari haikuwa kwa pointi za uhai. Ilikuwa kwa nani unamwamini. Wahusika wako wakiwa na nguvu mob, wacha kugonga mwili. Gonga kivuli: ule mji wenye wameupenda, yule mtoto wenye walimwokoa levo ya 2, ile ahadi yenye waliweka wakiwa bado wanaogopa goblini. Lakini hiyo inafanya kazi tu kama mlikaa levo ya 2 muda wa kutosha kumjua huyo mtoto. Mwenye alikimbilia juu hana kivuli cha kugongwa.

Kwa hivyo Jumapili ijayo, kabla mtu yeyote arushe dadu, fungueni kalenda pamoja. Hesabuni vikao vya ukweli, si vya ndoto. Chagueni levo ya mwisho na muiandike kwa grupu kila mtu aione. Kubalianeni kwamba wote wanapanda pamoja. Halafu mtumieni ujumbe yule msee wa stoo, mwambie mhusika wake ako levo moja na nyinyi, na kiti chake kiko.